Bonyeza Moja Kama Hujazubaa

Nchi yenyewe sitaitaja. Wenyewe hawapendi kutajwa, na kusema kweli sina ubaya nao. Ni watu waungwana, wana bendera, wana wimbo, wana barabara ya lami kutoka ikulu hadi uwanja wa ndege, na nyingine inayoteremka mlimani kwa kona kumi na moja, wanayoiita Mteremko wa Pangaboi kwa sababu ukifika chini kichwa bado kinazunguka. Shida yao ilikuwa moja tu. Watoto wao walikuwa wakipata leseni leo, kesho wako mtaroni. Mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye simu, macho kwenye picha ya mtu wasiyemjua anakula chipsi.

Serikali ya nchi hiyo si ya kukaa kimya. Iliunda Mamlaka ya Kuzuia Kuzubaa, ikaipa jengo la ghorofa tisa. Mamlaka ikaunda kamati, na kamati ikasafiri nchi kumi na mbili kwenda kutazama vijana wa wenzetu wanavyozubaa. Waliporudi walikuwa wamenenepa kidogo, na jibu walikuwa nalo. Jibu liliitwa Kengele ya Umakini.

Kengele ilikuwa hivi. Dereva mwenye umri chini ya miaka ishirini na moja akishaondoa gari, kila baada ya dakika tano simu yake inalia ting! na ujumbe unaingia: "Dereva mpendwa, je, umezubaa? Bonyeza 1 kama hujazubaa. Bonyeza 2 kama umezubaa. Una sekunde kumi na tano." Asiyejibu mara tatu anafutiwa leseni, na shule iliyomfundisha udereva inafungwa. Naam, umesoma vizuri. Ili Serikali iwe na hakika kwamba kijana hashiki simu akiendesha, kijana alitakiwa ashike simu akiendesha. Ilipotangazwa redioni, studio nzima ilipiga makofi.

Aliyesikia tangazo lile na asipige makofi ni Mwalimu Siwema Mkanga. Yeye alizima redio, akaiwasha tena ahakikishe kwamba alisikia sawasawa, akaizima.

Siwema alikuwa amefundisha watu kuendesha gari kwa miaka ishirini na miwili. Mwanamke mfupi, sauti ya kengele ya shule, na gari la mafunzo ambalo hata breki zake zilimwogopa. Tangu simu ziingie mifukoni mwa watu alikuwa na njia yake moja ya kuzizuia, wala hakuiandikia mradi. Ilikuwa hotpoti. Hotpoti nyekundu ya kuwekea wali, ile ya mfuniko wa kukaza. Mwanafunzi akiingia garini anaambiwa, "Simu ndani," simu inaingia, mfuniko unakazwa, hotpoti inawekwa kiti cha nyuma. "Ulimwengu utakusubiri," Siwema huwaambia, "hauna pa kwenda." Wanafunzi walimcheka, lakini hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuingia mtaroni kwa sababu ya simu. Mmoja aliingia kwa sababu ya nyuki, na hilo Siwema analikubali.

Siwema alikuwa na mtoto mmoja tu, Tunu, miaka kumi na minane, leseni yake ina miezi miwili na bado inanukia plastiki. Kila Alhamisi asubuhi Tunu alichukua gari dogo la nyumbani, akateremka Pangaboi mpaka kwa bibi yake, akampandisha mjini hospitali kusafishwa kidonda cha mguu. Siwema angempeleka mama yake mwenyewe, ila Alhamisi ndiyo siku ya mitihani ya polisi, na mwalimu haruhusiwi kubanduka uwanjani. Kwa hiyo kazi ikawa ya Tunu. Aliifanya vizuri, na hotpoti kiti cha nyuma.

Kitu kimoja lazima nikueleze kuhusu nyumba ile. Siku hizi simu ya Siwema kwa mwanawe haikuwa ikifika mlio wa tatu. Tunu alipokuwa kidato cha kwanza aliwahi kuiacha iite mara kumi na moja kwa kuwa alikuwa tuisheni. Mara ya kumi na mbili mama hakupiga, alifika. Alifika na gari la mafunzo, na kandambili mkononi, mbele ya darasa zima. Tangu siku hiyo, simu ya mama ikiita mara moja, mbili, unasikia, "Abee, mama." Majirani walimsifu mtoto kwa adabu, na Siwema alizipokea sifa hizo kwa moyo mkunjufu kabisa.

Jumatatu baada ya tangazo, Siwema akaibeba hotpoti yake kwapani akaenda Mamlaka. Mlangoni askari akamzuia.

"Mama, wauza chakula wanapita mlango wa nyuma."

"Siuzi chakula. Nimekuja kuonana na wanaozuia kuzubaa."

"Kuzubaa kwa aina gani? Kwa simu, kwa kula, au kwa mapenzi? Wa mapenzi wako likizo."

Akapelekwa ghorofa ya sita, kwa Bwana Fadhloon Kizibo, Mkurugenzi Msaidizi wa Kuzubaa Kunakotokana na Simu. Bwana Kizibo alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, suti imemkaa, na macho yake yalikuwa kwenye simu.

"Shikamoo, mama. Karibu, kaa. Endelea, nakusikiliza."

"Marahaba. Baba, nimekuja kwa hii Kengele yenu. Mtoto yuko kona ya saba ya Pangaboi, ujumbe umeingia. Atazame barabara au atazame simu?"

"Atazame barabara," Bwana Kizibo akasema, kidole kikipandisha picha. "Hilo halina mjadala."

"Na ujumbe?"

"Ajibu."

"Atajibuje bila kuutazama?"

"Kwa haraka, mama. Ndiyo maana tumempa sekunde kumi na tano. Wenzangu walitaka kumi. Mimi ndiye niliyesimama kidete kuwatetea vijana."

Siwema akavuta pumzi. "Na akibonyeza mbili?"

Hapo ndipo Bwana Kizibo alipoinua macho kwa mara ya kwanza. "Mbili?"

"Si mmeandika wenyewe? Bonyeza mbili kama umezubaa."

"Sasa mama, nani atabonyeza mbili?"

"Aliyezubaa!"

Bwana Kizibo akacheka mpaka akapangusa jicho. "Aliyezubaa atakumbuka kubonyeza? Ile mbili tuliiweka ili moja isionekane iko peke yake." Na macho yakarudi kwenye simu.

Basi Siwema akafanya kile alichokuwa akifanya kwa miaka yote. Alinyoosha mkono, akaichukua ile simu kutoka vidoleni mwa Mkurugenzi Msaidizi, akaitia ndani ya hotpoti, akakaza mfuniko. Bwana Kizibo akatazama mikono yake mitupu, akatazama dirishani, akamtazama Siwema usoni na kustuka kidogo, maana hakuwa amegundua kwamba aliyekuwa akiongea naye amevaa miwani.

"Umeona?" Siwema akasema kwa upole. "Sasa ndiyo unanisikiliza. Hiki tu. Kila gari la kijana liwe na hotpoti, mambo yamekwisha."

Kwa muda mfupi, mimi naamini kabisa, Bwana Kizibo alielewa. Kisha simu ikatetemeka mle ndani, naye akakumbuka cheo chake.

"Mama, chombo hiki kina kibali?"

"Ni hotpoti, baba."

"Ni chombo cha kuficha mawasiliano kati ya Serikali na raia wake. Kitabaki hapa kwa uchunguzi." Akamwandikia stakabadhi: hotpoti moja, nyekundu, yenye nia isiyojulikana. Halafu, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, akavuta mtoto wa meza akatoa fomu. "Kama hutaki binti yako asumbuliwe barabarani, njia ipo. Hii ni Fomu ya Maombi ya Ruhusa ya Kutopokea Simu. Ijaze, Mheshimiwa Waziri ataipitia mwenyewe."

Fomu ilikuwa na kurasa kumi na nne. Ilitaka saini ya mwenyekiti wa mtaa, ya daktari wa macho kuthibitisha kwamba binti anaona, ya daktari wa masikio kuthibitisha kwamba akiacha kupokea simu si kwa uziwi, na ya mtu wa karibu atakayeeleza binti huyo, asipopokea simu, anafikiria nini. Siwema alizitafuta zote. Mwenyekiti hayupo, mwenyekiti amesafiri, mwenyekiti yupo ila muhuri umesafiri. Daktari wa macho alisaini mahali pa daktari wa masikio, ikabidi fomu ianze upya. Viatu vyake vya kazini viliisha visigino. Nyumbani alipika huku anasonya, akala huku anasonya.

Jumatano jioni, siku moja kabla ya safari ya kwanza ya Tunu chini ya Kengele, wakawa jikoni, mtoto anamenya vitunguu.

"Kesho usiijibu ile takataka," Siwema akasema. "Iache ilie mpaka ichoke."

"Nikiiacha mara tatu wanafunga shule yako, mama."

"Na wafunge!"

"Halafu tule nini? Na bibi ampeleke nani?" Tunu akasema hivyo bila ukali wowote, machozi ya vitunguu yakimtoka. "Usiogope. Nimefanya mazoezi, wala siitazami. Kidole gumba kinaijua moja kilipo."

Maneno yale ya kidole gumba yalimtisha Siwema kuliko yote aliyosikia Mamlaka. Aliwahi kuwasikia madereva wengi wakisema miguu yao inaijua breki ilipo, na alikuwa amekwenda kuwasalimia hospitali. Alitaka kumkataza mtoto asiende kabisa, kisha akakumbuka mguu wa mama yake unavyonuka kidonda kikipitisha wiki. Akakaa kwenye kigoda akalia kwa hasira, na Tunu akadhani ni vitunguu.

Safari ya kwanza ikapita salama. Siwema alisimama uwanja wa mitihani, mbele yake vijana wanarudi kinyumenyume kati ya madebe, na kila baada ya dakika tano alishika moyo. Polisi mtahini alimuuliza kama ana presha. Safari ya pili ikapita pia, ila Tunu alirudi na mkwaruzo ubavuni mwa gari. Pale kona ya saba Mamlaka ilikuwa imesimika bango jipya lenye picha ya Mheshimiwa Waziri akinyoosha kidole na maandishi USIZUBAE, na chini yake maelezo marefu kwa herufi ndogo sana. Tunu alikuwa akijaribu kuyasoma.

Jumamosi yake ikawa sikukuu ya Kengele. Shule zote za udereva ziliamriwa kuhudhuria, na Siwema akapewa kiti cha nyuma, juani. Waziri wa Umakini na Mambo Yanayofanana Nayo alipanda jukwaani.

"Ndugu wananchi! Zamani vijana wetu walizubaa ovyo ovyo. Leo hakuna kijana anayezubaa bila Serikali kujua! Tumewauliza madereva wapya kama wamezubaa, na asilimia tisini na tisa nukta tisa wamesema hawajazubaa. Ile nukta moja iliyobaki tunaitafuta, na nasema kwa herufi kubwa, tutaipata!"

Makofi. Ikafuata zawadi ya Dereva Makini wa Mwezi, kijana aliyejibu jumbe mia nne kwa wastani wa sekunde mbili. Jina likatajwa, kijana hakutokea. Aliyepanda ni mama yake, mwanamke mwembamba wa kitenge cha kijani, kwa sababu mshindi mwenyewe alikuwa wodi ya mifupa. Hata hivyo, mshereheshaji akaeleza kwa furaha, ujumbe wa mwisho aliujibu gari likiwa bado linabingirika! Uwanja mzima ukasimama kushangilia. Yule mama akapewa cheti, akakishika kichwa chini miguu juu, akapigwa picha.

Siwema akasimama juu ya kiti. "Jamani, hamuoni?" akapaza sauti. "Huyu mtoto ameumia kwa kuwajibu ninyi! Kwa kuwajibu ninyi!"

Askari akamshika bega kwa heshima zote. "Mama, shuka tafadhali. Unaziba kamera."

Jumatatu aliipeleka fomu kwa mara ya nne, saini zote kamili. Bwana Kizibo aliipokea kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa na kazi. Siwema akamwambia, "Baba, mimi nina mmoja tu." Bwana Kizibo akasema, "Nakusikiliza, mama," na kwa namna alivyosema Siwema akajua kwamba hamsikilizi. Akarudi nyumbani amechoka hata kusonya.

Alhamisi ya tatu, saa nne kasoro dakika ishirini, Siwema yuko uwanjani na filimbi mkononi, simu yake ikaita. Alikuwa Bwana Kizibo, na sauti yake, ajabu, ilikuwa na uchangamfu wa mtu anayetazama anachokifanya.

"Mama Tunu! Hongera! Mheshimiwa amesaini!"

"Amesaini nini?"

"Ruhusa, mama! Binti yako ameruhusiwa kutopokea simu wala kujibu ujumbe wowote akiwa anaendesha. Ni wa kwanza nchi nzima. Nimeisukuma mwenyewe, sikulala."

Filimbi ikamdondoka Siwema. Wiki tatu za ngazi na mihuri zikamtoka mwilini kwa pamoja, miguu ikawa myepesi, akajikuta anacheka na kumwombea dua Mkurugenzi Msaidizi na watoto wake wote, hata wasiozaliwa.

"Ila kuna sharti dogo," Bwana Kizibo akasema. "Ruhusa inaanza pale mhusika atakapoarifiwa. Mwarifu sasa hivi, mama, kabla mfumo haujafunga."

"Sasa hivi hivi, baba! Asante! Asante sana!"

Wala hakufikiri. Mwanamke wa miaka ishirini na miwili ya kufundisha, na hotpoti yake, hakufikiri hata kidogo. Alikuwa ameshinda, na aliye na furaha anaitafuta sauti ya mtu wake. Alibonyeza jina la Tunu.

Simu ikaita mara moja. Ikaita mara ya pili.

"Abee, mama."

"Tunu! Mwanangu! Umeruhusiwa! Umeruhusiwa usipo—"

Na hapohapo, masikio yake ya mwalimu yakasikia kile ambacho furaha ilikuwa imekiziba. Injini ilikuwa ikilia gia ya tatu mahali ambapo yeye alimfundisha mtoto kuweka ya pili. Akajua ni kona gani. Akataka kusema weka simu chini, na badala yake akapiga yowe, "Tunu!" na Tunu, mtoto wa adabu, akasema, "Abee?" Honi ya lori ikaja ndefu. Baada yake kikafuata kishindo, na baada ya kishindo ikawa sauti ya vitu vidogo vidogo vinavyoendelea kuanguka.

Vijana uwanjani wakaendelea kurudi kinyumenyume kati ya madebe.

Mtoto hakufa. Naliweka wazi mapema, maana sipendi kumtesa mtu anayenisoma. Alivunjika nyonga na mguu, na daktari alisema atatembea, ila alikataa kusema vipi. Lori la vitunguu lilimkwepa, yeye akaingia katika bango la Waziri, nguzo ikasimama palipokuwa na usukani. Bibi yake, kule chini, alikaa kibarazani na khanga yake mpya mpaka adhuhuri akisubiri gari.

Uchunguzi wa Mamlaka ulichukua siku tatu, na kwa nchi ile hiyo ni kasi ya kutisha. Taarifa yake ninayo, ni fupi. Dereva alijibu jumbe zote za siku hiyo, ukiwamo ule wa sekunde arobaini kabla ya tukio, na kwa hiyo hakuwa amezubaa. Saa nne kasoro dakika ishirini dereva alipewa ruhusa ya kutopokea simu. Saa nne kasoro dakika kumi na nane dereva alipokea simu, kinyume cha masharti ya ruhusa. Ruhusa imefutwa. Hasara iliyopatikana ni picha moja ya Mheshimiwa, upande wa kidole.

Bwana Kizibo alifika wodini mwenyewe. Alikuja na cheti cha Dereva Makini wa Mwezi, na kwapani ana hotpoti nyekundu, imeoshwa vizuri, uchunguzi umekamilika. Alisimama miguuni pa kitanda akautazama ule mguu uliotundikwa kwa kamba na jiwe. Simu yake ililia mfukoni na hakuitoa. "Pole, mama," akasema, na safari hii alimtazama usoni. Siwema alikuwa amejiandaa kumtukana matusi ya miaka ishirini na miwili, na alipofungua kinywa akakuta hana hata moja, kwa sababu kila tusi aliloliandaa lilimgeukia yeye. Bwana Kizibo akaweka vitu vyake juu ya kabati akaondoka taratibu.

Alasiri Tunu akaamka. Midomo ilikuwa imekauka, Siwema akamlowanishia kwa pamba.

"Mama."

"Abee, mwanangu," Siwema akasema. Ilimtoka tu.

"Pale kwenye simu ulikuwa unaniambia nini? Nilisikia umeruhusiwa, umeruhusiwa, halafu basi. Nimeruhusiwa nini?"

Siwema akakunja pamba, akaikunjua. Akatazama dirishani. Mwanawe akaendelea kumsubiri, ametulia, kama alivyofundishwa kusubiri mkubwa anapotaka kusema.

Simu ya Siwema ikalia ting! mapajani mwake. Mamlaka, kwa kutumia mafunzo yaliyotokana na ajali ile, ilikuwa imepanua huduma.

"Mzazi mpendwa, je, ulimpigia simu kijana wako akiwa anaendesha? Bonyeza 1 kama hukumpigia. Bonyeza 2 kama ulimpigia. Una sekunde kumi na tano."

"Nani huyo, mama?" Tunu akauliza.

Siwema akavaa miwani yake. Akasoma ujumbe mpaka mwisho, akanyoosha kidole, akabonyeza mbili.

Simu ikafikiri kidogo. "Chaguo hilo halipo. Tafadhali bonyeza 1."

Siwema akabonyeza mbili tena.